Jeanne Villepreux-Power, mushona nguo aliyeitia bahari katika kioo

Wanaonijua wamezoea kunisoma juu ya mishahara, vumbi ya mine na kofia zisizofika kwa wakati. Leo naomba ruhusa. Nataka kuwaeleza maisha ya mwanamuke mumoja wa Ufaransa, mutoto wa mushonaji wa viatu, aliyekufa mwaka 1871. Aliyenisukuma ni mutoto wa dada yangu.

Kijana huyu anakaa Katuba. Mu salon ya mama yake aliweka sanduku ya kioo yenye litri mia moja za maji, na ndani samaki kidogo na konokono za mutoni. Ilikuwa nzuri kuangalia. Siku moja nikamupelekea zawadi, jiwe la malakiti, lile la kijani ambalo wageni wanalipenda sana, nikamwambia litapendeza ndani ya maji. Akalitia. Siku hazikupita nyingi, konokono zote zikaanguka chini, zikafa. Mimi mutu wa shaba kwa miaka zaidi ya makumi mbili, sikujua kama shaba ikiyeyuka mu maji, hata kidogo sana, ni sumu kwa konokono na jamaa yake yote.

Nilifikiri atakasirika ao ataacha. Hapana. Akanitangazia jambo kubwa zaidi: sasa anataka maji ya chumvi. Bahari, na samaki wake wa rangi, na yale mawe yake yenye uhai, pale pale Katuba, zaidi ya kilometre elfu moja mbali na Dar es Salaam! Nikamuuliza nani alimudanganya kama jambo la namna hiyo linawezekana. Akanijibu: Mujomba, kuna mama mumoja aliyeanza hivyo, naye alikuwa mushona nguo tu. Nikaenda kumutafuta huyo mama katika vitabu, nia yangu ikiwa kumushinda kijana katika mabishano. Badala yake nikabaki naye, na njo huyu ninawaletea.

Jeanne Villepreux alizaliwa mwezi wa Septemba 1794 katika kijiji cha Juillac, jimbo la Corrèze. Bahari haiko kule, kama vile haiko hapa kwetu. Ilikuwa miaka ya Mapinduzi, na katika nyumba ya fundi wa viatu mutoto musichana hakufundishwa mengi: kusoma, kuandika, na kazi ya sindano. Mwaka 1812, akiwa na miaka 18, akatoka kijijini kwenda kutafuta kazi Paris. Alikwenda kwa miguu. Ni zaidi ya kilometre 400. Wazeni mutu anatoka Lubumbashi, anapita Likasi, anafika Kolwezi, kisha anaendelea tena siku kadhaa.

Safari yenyewe haikuwa nzuri. Mutu wa jamaa aliyepaswa kumulinda katika njia alimutendea mabaya, na binti akakimbilia kwa polisi wa Orléans. Ikabidi angoje pale mupaka apate barua mupya za safari. Alipofika Paris, fasi aliyoahidiwa ilikuwa imekwisha kupewa mungine. Wale wanaosimama saa kumi na moja ya asubuhi mbele ya mulango wa mine wanaelewa jambo hili bila mimi kuongeza neno.

Akapata kazi ingine, musaidizi katika nyumba ya kushona. Mikono yake ilikuwa ya pekee. Mwaka 1816 binti mufalme Marie-Caroline wa Sicilia alikuja kuolewa na Duc de Berry, na nguo ya arusi ikapita mikononi mwa Jeanne, aliyekuwa na miaka 21. Kazi hiyo ikamupa jina. Ikamupa pia kujulikana na mufanyabiashara mumoja Mwingereza, James Power, aliyekuwa na kazi zake Messina, muji wa bandari kule Sicilia. Wakaoana pale Messina mwaka 1818.

Hapa sitaficha kitu. Bila feza za bwana Power hatungelijua jina la Jeanne. Mafundi wangapi wenye akili kama yake walibaki na sindano mupaka macho yakaisha? Ndoa ilimupa kile mufanyakazi anachokosa kila siku, ni kusema wakati. Lakini wakati tu hautoshi. Wake wengi wa matajiri walikuwa nao na wakaumaliza mu karamu. Jeanne alishika njia. Alizunguka kisiwa kizima, akaokota mawe, maganda, vipepeo, mifupa ya zamani iliyogeuka mawe. Alijifundisha mwenyewe elimu ya viumbe, bila mwalimu na bila diploma. Kisha akaandika kitabu cha kuongoza wageni katika Sicilia, kilichotoka mwaka 1842. Alikaa kule karibu miaka 25.

Kitu kilichomukamata zaidi kilikuwa mu maji ya bandari. Kuna munyama anaitwa argonota. Ni wa jamaa ya pweza, yaani mwili laini bila mifupa, na mikono minane. Lakini jike wa argonota anatembea ndani ya ganda jeupe, lenye mistari, jembamba kama karatasi. Tangu wakati wa Aristote, miaka zaidi ya elfu mbili, watu walisimulia kama munyama huyu anapanda juu ya maji na kutandika mikono yake miwili mipana kama matanga ya mashua, upepo unamupeleka. Na wasomi wa wakati wa Jeanne walikuwa katika ugomvi mukubwa: je, ganda lile analijenga mwenyewe, ao analiiba kwa munyama mungine aliyekufa, kama vile kaa fulani wanavyofanya? Sababu ya ugomvi ni kwamba mwili wa argonota haukushikamana na ganda. Unaweza kumutoa ndani. Konokono huwezi kumutoa hivyo bila kumuumiza.

Walibishana miaka na miaka. Na walibishana juu ya nini? Juu ya maiti. Wavuvi walileta argonota amekufa, wasomi wakamutia mu chupa ya pombe kali, wakamukata, wakaandika. Jeanne akaona jambo ambalo fundi yeyote angeliona: ukitaka kujua nani alishona nguo, usiikate nguo, kaa ndani ya nyumba ya kushona uangalie. Basi ilipaswa kumutunza argonota akiwa muzima, kumuona kila siku, tangu yai. Na kwa hiyo ilipaswa kutengeneza fasi ambayo bahari inaweza kukaa karibu na macho ya mutu.

Ilikuwa mwaka 1832. Akatengeneza sanduku za namna tatu. Ya kwanza ni ya kioo, ya kuweka nyumbani na kutia maji ya bahari, hii njo baba ya ile ya kijana wetu wa Katuba. Ya pili ni kioo pia, lakini imezungukwa na kizimba, kusudi iteremushwe ndani ya bahari na kupandishwa tena wakati anapotaka kuangalia. Ya tatu ni kizimba kikubwa cha miti chenye nanga, kinachokaa ndani ya maji ya bandari, kwa wanyama wakubwa. Watu wa kule wakaviita vizimba vile kwa jina lake, vizimba vya Power. Jina lenyewe la akwariamu halikuwa bado; lilikuja miaka makumi mbili nyuma yake.

Kisha ikaanza kazi ya kila siku, na hapa ninamuheshimu zaidi, juu ninajua kazi ya kurudia ni nini. Kulisha. Kuangalia. Kuandika. Argonota ni mwoga, ukisogea anazama. Mama huyu alikaa karibu na vizimba saa nyingi. Aliona watoto wa argonota wakitoka katika yai bila ganda lolote, uchi kabisa, na akafuata mupaka akaona ganda linaanza kujengwa. Kisha akafanya jambo la ujanja: alivunja ganda la argonota wazima fasi moja ao ingine, akangoja. Wanyama wakashona tundu. Ile mikono miwili mipana ambayo tangu zamani watu waliita matanga, ilifunika ganda kwa inje na kutoa ute ambao unakauka na kuwa ganda jipya. Aliwapa vipande vya ganda lingine, akaona namna walivyovitumia kuziba fasi iliyovunjika. Hakuna matanga, hakuna mwizi. Argonota ni fundi wa nyumba yake mwenyewe, na vyombo vyake ni mikono.

Ninawaza kama ni bahati tu kwamba mutu aliyeona kiraka kikishonwa alikuwa mushona nguo. Sijui, lakini sitaki kuamini kama ni bahati.

Turudi kidogo Katuba, juu kijana aliniuliza: Mujomba, huyo mama alikuwa na bahari mbele ya mulango, maji yakichafuka anachota mengine, mimi nitafanya nini? Swali ni la haki. Kile ambacho Jeanne alikipata kwa ndoo, wewe wa Lubumbashi unapaswa kukijenga mwenyewe, kitu kwa kitu. Chumvi ya jikoni haifai; maji ya bahari yana chumvi za namna nyingi, magnesi, kalsi na zingine, kwa hiyo watu wanatumia chumvi iliyochanganywa makusudi, kama grama 35 kwa kila litri. Kwa sanduku ya litri mia moja ni kilo tatu na nusu. Maji ya kuanzia yanapaswa kuwa safi kabisa, yaliyopita katika mashine ya kuchuja, na hapa kwetu, fasi udongo wenyewe una shaba, ile si anasa. Yale niliyoyafanya kwa konokono za mutoni, matumbawe yangeyapata pia. Hata dawa ya samaki yenye shaba haingii kamwe katika maji ya matumbawe.

Kisha mawe yenye matundu. Watu wanafikiri ni pambo, kumbe ni kiwanda. Chakula kinachobaki na uchafu wa samaki vinatoa amonia, ile inayochoma pua, nayo inaua. Ndani ya matundu ya mawe vinakaa vijidudu visivyoonekana, vingine vinageuza amonia kuwa nitriti, ambayo bado ni sumu, na vingine vinageuza nitriti kuwa nitrati, ambayo ni pole zaidi na inatoka ukibadilisha sehemu ya maji. Vijidudu vile havikuji kwa siku moja. Ni wiki nne, sita, hata zaidi, unaangalia maji matupu na kuyapima, na hakuna samaki hata mumoja. Wengi wanashindwa pale. Wananunua samaki siku ya pili, wanazika siku ya tano.

Matumbawe yanakuja mwisho wa yote. Ni wanyama wadogo wadogo wanaojenga nyumba ya mawe, na ndani ya nyama yao mengi yanabeba mimea midogo inayoyalisha kwa nguvu ya mwangaza. Kwa hiyo taa kali kila siku, maji ya kutembea bila kusimama, joto la 25 ao 26, na kalsi ya kutosha kwa kujenga. Maji yakipungua kwa jua unaongeza maji matamu, si ya chumvi, juu chumvi haipandi hewani pamoja na mvuke. Inabaki na kukaza. Nilimukumbusha kijana pia usiku wa Juni na Julai, na umeme unaokatika. Pompi ikisimama saa nyingi, hewa inaisha mu maji. Akanionyesha betri na paneli ndogo ya jua. Alikuwa ameyafikiri mbele yangu.

Swali moja tu lilimushinda: samaki wale wanatoka wapi? Wengi wanashikwa baharini na wapiga mbizi, hata katika pwani ya Kenya, kwa wavu mudogo na mikono, kisha wanapanda ndege ndani ya mufuko wa maji. Mimi mutu wa sendika, nikataka kujua mupiga mbizi analipwa ngapi kwa samaki mumoja. Kijana hakujua. Muuzaji pia hakujua.

Jeanne aliandika yale aliyoyaona na kuyatuma kwa wasomi. Mwaka 1834 mambo yake yalisomwa Catania katika Akademia Gioenia, mwanamume akiyasoma kwa niaba yake. Mwaka 1839 Richard Owen, mukubwa kati ya wasomi wa wanyama Uingereza, aliyafikisha mbele ya wenzake London. Akademia zaidi ya kumi za Ulaya zikamupokea kuwa mwanamemba. Kwa mwanamuke wa wakati ule, bila shule, hili halikuwa jambo dogo.

Lakini mwaka 1838 alikuwa amepata pigo. Yeye na bwana yake walikuwa wakijitayarisha kuacha Sicilia, na Jeanne akapakia katika mashua kubwa mali yake ya miaka yote: wanyama aliowakusanya, michoro, maandiko. Mashua ikazama. Kila kitu kikaenda chini ya bahari. Kilichobaki ni kile alichokuwa amekwisha kutuma kwa wengine ao kukipiga chapa. Nikiwa delege nimeona fardi ya madai ya wafanyakazi ikipotea kati ya ofisi mbili, na kwa sababu hatukuwa na kopi, miaka mitatu ya kazi ikawa kama haikufanyika. Niliposoma juu ya mashua ile nilifunga kitabu kwanza.

Mwaka 1843 wakaondoka Sicilia, wakaishi kati ya Paris na London. Utafiti wa bandarini ukaisha, lakini hakunyamaza. Alikusanya na kuchapisha tena yale aliyoyaona, na mwaka 1860 kitabu chake juu ya wanyama wa bahari na wa inchi kavu kilitoka Paris. Ilikuwa lazima. Juu wakati ule sanduku za kioo zilikuwa zimekuwa homa Uingereza, na majina mengine yalikuwa mbele. Mwaka 1846 mama Anna Thynne alileta matumbawe madogo London na kuyatunza nyumbani. Ili maji yapate hewa, mutumishi wake aliyamimina kutoka chombo kimoja kwenda kingine mbele ya dirisha, karibu nusu saa ao zaidi, kila siku. Huyo mutumishi alikuwa pompi ya kwanza ya akwariamu ya matumbawe, na jina lake sikuliona popote. Mwaka 1853 nyumba ya kwanza ya samaki kwa watu wote ikafunguliwa katika bustani ya wanyama ya London. Mwaka uliofuata Philip Henry Gosse akatoa kitabu chake kinachoitwa The Aquarium, na jina likashika. Watu wakakimbilia pwani na nyundo na ndoo, mupaka fasi zingine mawe yakabaki matupu.

Gosse alikuwa mutu wa kazi, simunyimi haki yake. Lakini alikuja miaka makumi mbili nyuma ya Messina. Mwaka 1858 Owen akaandika wazi kama aliyeanza ni Jeanne. Basi jambo likabaki hivyo, limeandikwa, na karibu kusahauliwa tena, maana michoro haikuwa, mikusanyo haikuwa, na mutoto wa kumutetea hakuwa naye.

Mwisho wake ulikuja na vita. Mwaka 1870 majeshi ya Prusia yakazunguka Paris, na njaa ikaingia muji. Jeanne alikuwa na miaka 76. Akakimbilia Juillac, kijiji alikotoka kwa miguu akiwa binti. Akafa pale Januari 1871. Mwaka 1997 wanajimu walimupa jina lake shimo moja kubwa katika sayari ya Zuhura, fasi ambayo haina hata tone la maji. Kijana wa Katuba alicheka sana nilipomwambia.

Sanduku yake sasa iko katika wiki ya tatu. Ndani kuna maji ya chumvi, mawe, taa, na hakuna kitu kinachotembea. Majirani wanakuja kuangalia wanauliza samaki eko wapi. Kila jioni anapima maji na kuandika katika kaye, na kaye ya pili, kopi, ameiacha kwangu.